Penta moja au sindano tano? Jibu kwa mama wa mapacha

Swali: Shikamoo daktari. Nina mapacha wa wiki 11, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Walizaliwa kabla ya siku zao, Kulwa akiwa na kilo 2.1 na Doto kilo 2.3. Wiki iliyopita walipata chanjo za wiki 10. Doto alilala kama kawaida, lakini Kulwa alichemka usiku kucha, akalia mpaka sauti ikakauka, na paja lake moja likavimba likawa gumu. Wifi yangu anayeishi Leicester, Uingereza, anasema kosa ni kuchanganya chanjo tano kwenye sindano moja, na kwamba kule kuna kliniki za kulipia zinazotoa moja moja. Baba yao yuko tayari tupande gari twende Dar es Salaam tukalipie. Je, zilizobaki tunaweza kuzitenganisha, moja kila mwezi, mpaka miili yao ihimili? Na ile ya surua na rubela ya miezi 9 nayo tuitenganishe? — Mama Kulwa, Morogoro

Jibu: Marahaba, Mama Kulwa, na hongera kwa kulea wawili kwa mpigo. Usiku wa namna hiyo naujua: mmoja amelala fofofo, mwenzake anaungua mikononi, na mama anajiuliza kama ni yeye aliyempeleka mwanawe kwenye maumivu. Kuogopa hivyo si aibu. Jibu langu ni kwamba usizitenganishe. Wiki ya 14 wapeleke wote wawili, tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Sababu nitakupa zote, pamoja na mahali ambapo chanjo za mseto zilipata dosari kweli, maana wifi yako atakuuliza na ni haki yake kujibiwa.

Tuanze na lile paja. Siku ile watoto walipata matone mdomoni ya polio na ya kuhara, sindano ya PCV ya kuzuia kichomi kwenye paja moja, na penta kwenye paja la pili. Penta inakinga magonjwa 5: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B, na yale yanayoletwa na bakteria aitwaye Hib, yaani homa ya uti wa mgongo na kichomi kikali kwa watoto wadogo. Hawa watano hawana uzito sawa. Sehemu ya dondakoo ni sumu moja ya bakteria iliyozimwa makali, na ya pepopunda vivyo hivyo. Ya homa ya ini B ni protini moja ya gamba la kirusi. Ya Hib ni sukari ya ganda la bakteria iliyofungwa kwenye protini ili kinga ya mtoto iweze kuitambua. Kifaduro ndicho kizito. Katika penta tunayotumia Tanzania huwekwa bakteria mzima aliyekwisha kuuawa, na huyo peke yake ana protini karibu 3,000. Homa ya Kulwa, kilio chake na ule uvimbe, kwa sehemu kubwa vimetoka hapo.

Sasa chukulia umefanikiwa kuzitenganisha. Siku ya homa ya ini B, Kulwa angelala vizuri. Siku ya pepopunda, paja lingeuma kidogo. Siku ya kifaduro angechemka vile vile alivyochemka. Ni kweli kwamba chanjo kadhaa zikitolewa siku moja, uwezekano wa homa siku hiyo unakuwa mkubwa kidogo kuliko siku ya chanjo moja. Lakini ukizigawa unampa mtoto siku nyingi za kuchomwa, na kila sindano kati ya zile za dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini B inakuja na kiasi chake cha chumvi ya alumini inayosaidia chanjo kushika. Wazazi wengi wanadhani kutenganisha kunapunguza vinavyoingia mwilini. Ukijumlisha, unakuta vimeongezeka.

Hesabu yenyewe iko hivi. Penta ni dozi 3. Ukimpa kila ugonjwa sindano yake, zinakuwa 15 kwa mtoto mmoja na 30 kwa mapacha, badala ya 6. Nyinyi mna bahati kwamba dozi mbili zimeshaingia na imebaki moja. Hiyo moja ukiigawa kwa mwezi mwezi kuanzia wiki ya 14, ya mwisho itawakuta wamepita miezi 7. Na ipi mtaiweka mwisho? Nina hakika baba yao atasema tuache ile inayomchemsha mtoto. Yaani kifaduro, ugonjwa ambao vifo vyake vingi huwapata watoto walio chini ya miezi 6.

Niruhusu nikae hapa kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikesha wodini kando ya mtoto wa miezi miwili na nusu mwenye kifaduro. Watu wanakijua kwa ule mlio mrefu mtoto anapovuta pumzi baada ya kukohoa. Mchanga hana nguvu ya kutoa mlio huo. Yule alikohoa mfululizo, mara kumi, mara kumi na tano, bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, midomo na ulimi vikageuka rangi ya zambarau, kisha akanyamaza. Hapo ndipo moyo unaposimama, kwa sababu kunyamaza kule ni kuacha kupumua. Tulimsugua mgongo, tukamtoa makamasi, tukamwekea oksijeni, akavuta pumzi, na mama yake naye akavuta pumzi. Baada ya dakika kama 20 ikaanza upya. Ilikuwa hivyo usiku kucha na siku zilizofuata. Alipona, lakini alikaa wodini wiki 3. Hakuwa amepata dozi hata moja. Nyumbani walikuwa wanangoja apate nguvu kwanza, kwa sababu alizaliwa njiti.

Ndiyo maana uliponiandikia kuhusu kilo 2.1 nilishtuka kidogo, kisha nikafurahi kuona hukuchelewa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku huhesabiwa chanjo zake kuanzia siku aliyozaliwa, si siku aliyopaswa kuzaliwa. Njia zake za hewa ni nyembamba, na akiba aliyopewa na mama tumboni ni pungufu, kwa kuwa kinga nyingi ya mama humpitia mtoto katika wiki za mwisho za mimba, zile ambazo Kulwa na Doto walizikosa. Yeye ndiye wa kuwahishwa.

Umeuliza kuhusu mwili kuhimili. Tangu saa waliyozaliwa, wanao wamekutana na bakteria wa njia ya uzazi, wa ngozi yako, wa kanga uliyowafunika, wa vidole vya shangazi na bibi. Ndani ya wiki chache matumbo yao yana bakteria wa mabilioni, na kinga yao inawasoma mmoja mmoja bila kuchoka. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Paul Offit walipiga hesabu ya uwezo huo, wakapata kwamba mtoto mchanga, kwa nadharia, angeweza kuitikia chanjo kama 10,000 kwa wakati mmoja. Ni hesabu ya karatasi na hakuna atakayeijaribu, lakini inakuonyesha penta iko upande gani wa mizani.

Tena kuchanganya si jambo la jana. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975, na tangu zamani watoto wa nchi hii walikuwa wanachomwa DPT, yaani dondakoo, kifaduro na pepopunda kwenye sindano moja, na kifaduro chake kilikuwa cha bakteria mzima. Homa ya ini B iliongezwa mwaka 2002, Hib mwaka 2009, ndipo ikawa penta. Kama baba yao alizaliwa hapa nchini na mama yake alimpeleka kliniki, basi naye ni mtoto wa chanjo mseto. Mwambie amuulize bibi yao, pengine kadi bado iko kwenye sanduku.

Na faida yake tuliipima karibu na nyumbani. Kenya ilianza penta mwishoni mwa 2001. Kule Kilifi, pwani, watafiti waliokuwa tayari wanachunguza damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto waliolazwa waliona Hib kali kwa watoto wa chini ya miaka 5 ikishuka kwa asilimia 88 ndani ya miaka mitatu. Sisi tuliosoma udaktari kabla ya hapo tunaikumbuka Hib kwa watoto waliopona homa ya uti wa mgongo wakabaki viziwi.

Tuje kwa wifi. Anasema kweli kwamba Uingereza kuna kliniki za kulipia zinazotoa chanjo moja moja. Ila aangalie rekodi za watoto wa majirani zake. Serikali ya kule, tangu 2017, inawapa watoto wachanga chanjo sita kwenye sindano moja: zile tano za penta pamoja na polio. Kliniki anazozizungumzia zilipata wateja kwa sababu ya chanjo nyingine, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ambayo kwa ufupi wanaiita MMR.

Hadithi yake ni hii. Februari 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12 tu, ikigusia kwamba huenda MMR ina uhusiano na usonji (autism). Kwenye mkutano na waandishi wa habari London alishauri watoto wapewe chanjo moja moja. Wazazi wakaogopa, nani asingeogopa? Miaka iliyofuata mwandishi Brian Deer aligundua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na kwamba mwaka 1997, kabla ya makala, alikuwa ameomba hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya chanjo yake ya surua peke yake. Mwaka 2004 wenzake 10 walijitenga na hitimisho la makala. Februari 2010 The Lancet iliifuta, na Mei mwaka huo huo Wakefield alifutwa kwenye daftari la madaktari. Lakini madhara yalikuwa yameshaingia majumbani. Kati ya mwisho wa 2012 na katikati ya 2013, eneo la Swansea huko Wales lilipata mlipuko wa surua wenye wagonjwa zaidi ya 1,200, wengi wakiwa vijana ambao wazazi wao waliacha MMR miaka ile ya hofu. Mtu mmoja alikufa.

Swali lenyewe lilichunguzwa kwa uzito unaostahili. Denmark, ambako kila mtoto ana namba na rekodi, ilifuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa MMR hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Na kuna nchi ambayo ilifanya kile kile ambacho wifi anakutaka ufanye. Japani iliacha MMR mwaka 1993 ikarudi kwenye chanjo moja moja. Watafiti wakaangalia watoto wa mji wa Yokohama, wakakuta usonji uliendelea kuongezeka kwenye orodha kama ulivyokuwa, wakati hakuna mtoto aliyekuwa anapewa MMR.

Japani waliiacha kwa nini? Hapa ndipo pale nilipokuahidi. MMR waliyokuwa wanaitumia ilikuwa na aina ya kirusi cha matumbwitumbwi kiitwacho Urabe, na kweli kilisababisha homa ya utando wa ubongo kwa baadhi ya watoto. Uingereza nayo iliziacha MMR zenye Urabe mwaka 1992, ikabaki na zenye aina nyingine ya kirusi. Dosari ilikuwa ya kirusi hicho cha matumbwitumbwi. Nchini Marekani pia, chanjo iliyochanganya MMR na tetekuwanga kwenye sindano moja ilionekana kuongeza degedege la homa: mtoto mmoja zaidi katika kila 2,300 waliopewa dozi ya kwanza wakiwa na umri wa mwaka 1 hadi 2, kuliko kama tetekuwanga ingechomwa kando siku hiyo hiyo. Hivyo mimi sikwambii kila mchanganyiko ni salama kwa sababu ni mchanganyiko. Nakwambia kila mmoja hupimwa peke yake, huendelea kufuatiliwa baada ya kuanza kutumika, na penta pamoja na surua-rubela vimepita kwenye macho hayo kwa mamilioni ya watoto.

Surua-rubela ya miezi 9 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya surua peke yake hapa Tanzania mwaka 2014. Ni chanjo za virusi hai waliodhoofishwa, na chanjo hai za sindano zina sharti: hutolewa siku moja, au zikitofautiana zipishane angalau wiki 4. Kutenganisha maana yake ni kumwacha mtoto bila kinga ya ugonjwa mmoja mwezi mzima, na surua haingoji. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kuna watakaokwambia rubela ni ya Kulwa tu kwa sababu ni msichana. Uingereza ilijaribu hivyo tangu 1970, ikiwachanja wasichana wa shule pekee, na kirusi kikaendelea kuzunguka kwa watoto wengine na kuwafikia wajawazito. Mtoto aliyeambukizwa rubela tumboni anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, ugonjwa wa moyo au uziwi. Doto anachanjwa kwa ajili ya shangazi yake mjamzito, na siku moja kwa ajili ya mkewe.

Kuhusu fedha za baba: akienda Dar hatapata chanjo ya kifaduro peke yake kwa mtoto mchanga. Anachoweza kukipata kwenye baadhi ya hospitali za binafsi ni chanjo ya sita kwa moja kama ya Uingereza, ambayo kifaduro chake kimetengenezwa kwa vipande vichache vya bakteria, hivyo homa yake huwa ndogo kuliko ya penta. Ni nzuri. Ila kinga ya kifaduro inayoanzishwa na bakteria mzima hudumu muda mrefu zaidi, na kwa dozi moja iliyobaki, mimi ningeziweka fedha hizo kwenye chakula chako wewe unayenyonyesha wawili.

Wiki ya 14 ikifika, fanya hivi. Kabla ya sindano mwambie nesi kilichompata Kulwa dozi iliyopita, asikie kwako mwenyewe. Muombe akuonyeshe kichupa cha penta: kwenye lebo kuna duara lenye mraba ndani yake, na mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Hatakasirika, tunafurahi mama akiuliza. Matone yatangulie, sindano zifuate, na mnyonyeshe anapochomwa, maumivu hupungua kweli. Siku hiyo kutakuwa pia na sindano ya polio. Kaeni hapo kliniki nusu saa, kwa sababu mzio mkali, ambao hutokea kama mara moja katika dozi milioni, hujitokeza mapema na hapo kuna dawa yake.

Usimpe parasetamoli kabla ya kuchomwa, inaweza kupunguza mwitikio wa chanjo. Mpe akipata homa, kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 5 akipewa mililita 2.5 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, inamtosha. Soma kibandiko cha chupa, kwa sababu zipo zenye nguvu tofauti. Paja likivimba weka kitambaa safi cha baridi. Usilikande kwa maji ya moto wala kupaka kitu. Ugumu unaweza kubaki wiki kadhaa ukipungua taratibu.

Homa ya penta huanza siku hiyo na huisha ndani ya siku mbili. Ikipita hapo, au ikianza siku ya tatu, mkimbize akapimwe malaria. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu Morogoro nimeona watoto wakicheleweshwa nyumbani kwa neno "ni chanjo tu hiyo", kumbe ni malaria iliyogongana na tarehe ya kliniki. Njoo hospitali mara moja pia akipata degedege, akilia mfululizo zaidi ya saa 3, akilegea, akikataa kunyonya, au akihema kwa shida. Degedege au kulegea kukitokea baada ya penta, usiende dozi inayofuata bila daktari kumwona kwanza.

Miezi 9 ikifika unaweza kuambiwa urudi siku nyingine. Kichupa kimoja cha surua-rubela huwa na dozi nyingi, na kikishafunguliwa na kuchanganywa hutupwa baada ya saa 6, hivyo vituo vingine hukusanya watoto kwa siku maalumu. Uliza siku hiyo mapema usije ukapoteza nauli. Homa yake nayo huchelewa, huja kati ya siku ya 6 na ya 12, wakati wewe umeshasahau. Na kabla ya kuondoka kliniki wiki ya 14, fungua kadi zote mbili hapo hapo mezani uhakikishe zimejazwa. Kwa mapacha tumezoea kukuta ya Kulwa ina tarehe zote, ya Doto iko tupu.